Bangi, Ubongo na Skizofrenia: Maswali Manne ya Kujiuliza Kabla ya Kulaumu

Kikao cha ukoo kikiitwa kwa sababu ya kijana aliyebadilika, mara nyingi huwa na pande mbili. Kijana ana miaka kumi na tisa. Ameacha kuoga, anacheka peke yake, anadai majirani wanamsikiliza kupitia ukutani. Upande mmoja unasema, "Ni bangi hiyo, imemharibu." Upande wa pili unasema ametupiwa kitu, apelekwe kwa mganga. Kila upande ukishakamata jibu lake huacha kuuliza, na wiki zinapita kijana akiwa hajaonwa na daktari.

Makala haya ni kwa ajili ya familia hiyo, na kwa kijana mwenyewe akiyasoma kabla mambo hayajafika huko. Bangi yaweza kuwa sehemu ya chanzo cha ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, lakini haifanyi kazi hiyo peke yake, wala haifanyi hivyo kwa kila mtu. Hatari hupanda na kushuka kwa mambo manne: umri alioanza, ukali wa anachovuta na mara anazovuta, ugonjwa ulio katika damu ya ukoo, na muda aliokaa na dalili bila tiba. Mawili ya kwanza kijana anaweza kuyabadilisha. La tatu hakulichagua, ila akilijua atajihadhari. La nne liko mikononi mwa familia.

Mfumo uliokuwapo kabla ya moshi

Tuanze na ubongo wenyewe. Mwaka 1964 wanakemia wawili wa Israeli, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, walitenga kiini cha bangi kinacholevya na kuubaini muundo wake. Kiini hicho ndicho THC. Mwaka 1988 Allyn Howlett na William Devane, huko Marekani, walionyesha kwamba ubongo una vipokezi maalumu ambavyo THC hunasa juu yake. Hapo likazuka swali: vipokezi hivyo viliwekwa kwa kazi gani? Haiingii akilini kwamba mwili uvibebe maisha yote ukisubiri moshi wa mmea ambao wengi wetu hatutauvuta kamwe.

Jibu lilipatikana mwaka 1992. Devane, Lumír Hanuš na Mechoulam waligundua anandamaidi, kemikali inayotengenezwa na ubongo wenyewe na inayonasa kwenye vipokezi vilevile. Miaka mitatu baadaye ikatambuliwa nyingine, 2-AG, ambayo ubongoni ni nyingi zaidi. Kemikali hizi, vipokezi vyake, na vimeng'enya vinavyozitengeneza na kuzivunja, kwa pamoja ndivyo mfumo wa kanabinoidi wa mwili. Kila mtu anao, hata ambaye hajawahi kuiona bangi kwa macho.

Kazi yake kubwa kichwani ni kupunguza. Seli za neva hupeana habari kwa kumwagiana kemikali katika mwanya mwembamba ulio kati yao. Fikiria mtu anayemiminiwa chai: anayemimina hushika birika, lakini mwenye kikombe ndiye husema, "Basi, inatosha." Ndivyo ilivyo kwa seli. Inayopokea ikizidiwa hutengeneza kanabinoidi zake papo hapo na kuzirudisha kwa inayotuma, nayo hupunguza kumwaga. Njia hiyo ya kurudi nyuma ilithibitishwa mwaka 2001 na maabara za Marekani na Japani. Neno hilo husemwa pale tu linapohitajika, kisha hufutwa mara moja.

Anayevuta bangi huleta sauti ya mgeni. THC husema "inatosha" mezani kote kwa wakati mmoja, kwa saa kadhaa, hata kwa ambaye kikombe chake kilikuwa kitupu. Vipokezi vya aina ya CB1 vimejaa kwenye hipokampasi inayotunza kumbukumbu, kwenye sehemu ya mbele ya ubongo inayopima na kupanga mambo, na kwenye sehemu za ndani zinazoongoza mwendo na hamu. Kwa hiyo mvutaji husahau alichokuwa akisema, muda humrefukia, na mawazo humkimbia. Kwenye shina la ubongo, kunakoongozwa pumzi, vipokezi hivyo ni vichache, na ndiyo sababu bangi haisimamishi pumzi kama heroini. Wapo wanaolichukua hilo kuwa ushahidi kwamba bangi haina madhara. Ushahidi huo unahusu pumzi tu, hauhusu akili.

Kinachotuhusu zaidi ni dopamini. Kemikali hii, pamoja na kazi zake nyingine, hutuambia jambo gani ni la kuzingatia na lipi ni la kupuuza. Kwa mtu mwenye skizofrenia, dopamini humwagwa kupita kiasi katika sehemu za ndani za ubongo, na kila kitu huwa na uzito: gari lililopita mara mbili, jirani aliyekohoa, mtangazaji wa redio aliyetaja jina linalofanana na lake. Ubongo ukishahisi uzito hutafuta maelezo, na maelezo yanayokuja upesi ni kwamba "wananifuatilia". Ndiyo maana kubishana naye hakumsaidii. Unabishana na maelezo, ilhali uzito wenyewe unabaki palepale.

Mfumo wa kanabinoidi ni miongoni mwa vinavyodhibiti dopamini hiyo, na THC huuvuruga. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2004, Deepak Cyril D'Souza na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliwadunga THC watu wenye afya njema. Kwa muda mfupi watu hao walipata shuku, mawazo yaliyokatikakatika na hisia za ajabu, kisha zikaisha baada ya saa chache. Kwa hiyo bangi inaweza kuleta dalili za muda hata kwa mzima. Swali gumu ni kwa nini kwa wengine haziishi.

Dokezo moja lilitoka Ujerumani. Markus Leweke na wenzake walipima maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa skizofrenia ambao hawajaanza dawa. Wakakuta anandamaidi imepanda kuliko kwa watu wazima wenye afya, na wale waliokuwa nayo zaidi ndio waliokuwa na dalili nafuu, kana kwamba ubongo unajitetea. Kwa wagonjwa waliokuwa wavutaji wakubwa wa bangi, kupanda huko hakukuonekana. Familia ichukue mambo mawili hapo. Kwanza, mfumo huu unahusika na ugonjwa hata kwa asiyevuta, kwa hiyo usimwite mwongo kijana anayeapa kwamba hajawahi kugusa bangi. Pili, mgonjwa anayeendelea kuvuta huenda anauzima ulinzi ambao mwili wake ulikuwa umeanza kuujenga.

Swali la kwanza: alianza akiwa na umri gani?

Huko Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 hadi utu uzima. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kwamba kati ya waliokuwa wametumia bangi kufikia miaka 15, takriban mmoja kati ya kumi alikuwa na ugonjwa wa aina ya skizofrenia alipofika miaka 26. Kwa wenzao wasiotumia, ilikuwa takriban watatu kati ya mia.

Sababu inaeleweka ukikumbuka kazi ya mfumo huu. Ubongo wa binadamu huendelea kujengwa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Katika ujana hukata miunganiko isiyohitajika na kuimarisha inayotumika, na kanabinoidi za mwili hushiriki kazi hiyo. Moshi wa kila siku katika miaka hiyo huingilia ujenzi ukiwa bado haujaisha. Tena umri huo ndio ambao skizofrenia hujitokeza: kwa wavulana mara nyingi mwishoni mwa ujana hadi katikati ya miaka ya ishirini, kwa wasichana huchelewa kidogo.

Ushauri wangu kwa mzazi ni huu: hata kuchelewesha ni faida. Kijana wa kidato cha pili akikuambia rafiki zake wote wanavuta, usimalize mazungumzo kwa kofi. Mwambie wazi kwamba bangi anayovuta sasa inagusa ubongo usiokomaa, na kwamba kila mwaka anaoupitisha bila kuvuta ni mwaka alioukomboa. Kijana anayetishwa kwa uongo, akaambiwa pafu moja tu litamtia wazimu, atamwona mwenzake aliyevuta mara kumi akiwa mzima. Kuanzia hapo hatakuamini kwa lolote.

Swali la pili: anavuta nini, na mara ngapi?

Bangi ya leo si ile ya zamani. Katika sampuli zilizokamatwa Marekani, kiwango cha THC kilipanda kutoka takriban asilimia 4 mwaka 1995 hadi takriban asilimia 12 mwaka 2014. Kwetu vijana wanaijua tofauti hiyo kwa majina: kuna ya kawaida ya shambani, na kuna ile inayoitwa skanka, inayouzwa ghali kwa sababu ni kali.

Mwaka 2019 Marta Di Forti wa London na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa vituo 11 vya Ulaya na Brazili. Walilinganisha wagonjwa 901 waliopata saikosisi, yaani hali ya akili kupoteza uhalisia, kwa mara ya kwanza na watu wengine wa maeneo hayohayo. Waliovuta kila siku walikuwa na uwezekano wa kuugua wa takriban mara tatu kuliko wasiovuta kabisa. Waliovuta kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi, uwezekano ulikaribia mara tano.

Basi usiulize tu, "Unavuta?" Uliza kama ni kila siku au mwisho wa wiki, kama anaanza asubuhi, kama ni ya kawaida au skanka. Uliza pia kuhusu keki na biskuti. Bangi inayoliwa huchelewa kupanda, kuanzia nusu saa hadi saa mbili, kwa hiyo mlaji huona haijafanya kazi akaongeza nyingine, na ikija humshika kwa saa nyingi. Kuna pia majani yaliyonyunyiziwa kemikali za maabara zinazoiga THC. Moja ya kwanza kusambaa, JWH-018, ilitengenezwa kwa utafiti na mwanakemia John Huffman wa Marekani kabla haijafika mitaani. THC hukiamsha kipokezi kwa sehemu, lakini nyingi ya kemikali hizi hukiamsha kikamilifu. Katika vitu vyote vinavyouzwa kwa sura ya bangi, hivyo ndivyo vya kuogopwa zaidi.

Usisahau mirungi, ambayo Kenya huitwa miraa. Yenyewe hupandisha dopamini moja kwa moja, na humnyima usingizi anayeitafuna usiku kucha. Kijana anayetafuna mirungi ili akeshe kisha akavuta bangi ili alale, anausukuma ubongo kutoka pande mbili.

Swali la tatu: katika ukoo kuna nani?

Kwa kawaida skizofrenia humpata takriban mtu mmoja kati ya mia katika maisha yake. Mwenye mzazi mmoja mgonjwa, uwezekano hufika takriban mmoja kati ya kumi. Pacha wa kufanana wa mgonjwa hufikia karibu nusu. Tazama pande mbili za hesabu hiyo: damu ina nguvu kubwa, lakini hata pacha mwenye vinasaba vilevile mara nyingi zaidi huwa haugui.

Tatizo letu ni kwamba habari hizi hufichwa. Shangazi aliyekuwa "hajatulia", babu mdogo aliyekimbilia porini, binamu aliyefungiwa chumba cha uani hawatajwi mbele ya watoto, hasa kukiwa na posa mezani. Matokeo yake kijana mwenye hatari kubwa huvuta na rafiki zake wenye hatari ndogo akidhani wako sawa. Mzazi, kama ugonjwa huo upo kwenu, mwambie mwanao akifika umri wa kuelewa: "Mwanangu, shangazi yako aliugua hivi na hivi. Kwa sababu hiyo bangi kwako ni hatari kuliko kwa mwenzako." Hiyo si aibu. Ni urithi anaostahili kuujua, kama vile familia zinavyoambiana kuhusu kisukari na presha.

Swali la nne: dalili zimeanza lini?

Saikosisi haianzi siku kijana anapovua nguo barabarani. Huanza miezi kabla. Usingizi huharibika. Alama za darasani hushuka bila sababu. Anajitenga na marafiki aliowazoea, anaongea mambo yasiyoungana, anashuku chakula, anaziba kamera ya simu, anajibu sauti ambazo wengine hawazisikii. Kila moja peke yake yaweza kuwa ujana tu. Zikikusanyika, zikazidi wiki hata wiki, usingoje.

Kungoja kuna gharama inayojulikana: kadiri mtu anavyokaa na saikosisi bila tiba, ndivyo kupona kwake kunavyokuwa kugumu. Kwa hiyo, kati ya maswali manne, hili ndilo lenye haraka. Ukilazimika kuchagua kati ya kumaliza ubishi wa chanzo na kumpeleka hospitali, mpeleke hospitali. Ubishi utaendelea baadaye.

Takwimu zinasema nini, na hazisemi nini

Tuwe waadilifu kwa pande zote mbili za kile kikao. Utafiti wa kwanza mkubwa ulifanyika Sweden, kwa vijana zaidi ya 45,000 walioingia jeshini mwaka 1969 na 1970. Taarifa ya mwaka 1987 ilionyesha kwamba waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 waliugua skizofrenia mara sita ya wasiovuta. Watafiti walipohesabu mambo mengine, kama matatizo ya akili ya awali na malezi, tofauti ilipungua, lakini haikufutika. Hata hivyo wavutaji walio wengi hawakuugua.

Pia sababu zaweza kwenda upande wa pili. Wapo wanaoanza kuvuta kwa sababu tayari sauti zinawasumbua na wanatafuta utulivu. Wapo ambao vinasaba vilevile vinavyowaelekeza kwenye ugonjwa vinawaelekeza pia kwenye bangi. Anayesema bangi haina uhusiano wowote na skizofrenia anapuuza ushahidi wa miaka mingi. Anayesema kila mwehu ni mvuta bangi anawadhulumu wagonjwa wengi ambao hawajawahi kuvuta.

Siku za kwanza: fanya haya

Kwanza, pima joto. Kijana mwenye homa na kuchanganyikiwa, asiyejua yuko wapi au leo ni siku gani, anayesinzia na kuzinduka, aliyepata degedege au kugonga kichwa, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Malaria kali na homa ya uti wa mgongo huvuruga akili na huua. Usikubali neno "bangi" limzuie muuguzi kumpima damu.

Pili, zungumza naye kwa sauti ya chini, mtu mmoja kwa wakati. Akisema majirani wanamsikiliza, usikubali wala usimcheke. Sema, "Naona umeogopa, na hujalala. Twende tukapate msaada ulale." Usingizi ndio mlango rahisi, kwa sababu mara nyingi hata yeye anakiri kuwa hajalala.

Tatu, ondoa panga, visu na sumu ya panya. Muulize bila kuzunguka kama anafikiria kujiua au kama sauti zinamwamuru afanye jambo. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake.

Nne, msimfunge kamba wala kumchapa. Kamba hukata damu na huacha vidonda, na humthibitishia kile alichokuwa anakihofia, kwamba watu wake wamegeuka maadui. Mkitaka maombi au kisomo, kifanyike, mradi asilazimishwe kufunga, asinyweshwe dawa zisizojulikana, na safari ya hospitali isiahirishwe hata siku moja.

Huduma si lazima ianzie Mirembe Dodoma, Kidongo Chekundu Unguja, Mathari Nairobi au Butabika Kampala. Hospitali nyingi za mikoa na kaunti zina kliniki ya afya ya akili. Anza hapo karibu.

Mbele ya daktari

Andika majibu ya maswali manne kwenye karatasi kabla hamjatoka nyumbani. Familia nyingi huficha bangi zikiogopa polisi, au huitaja bangi tu na kumficha shangazi. Yote mawili humpoteza daktari. Mweleze lini alivuta mara ya mwisho, nini, na mara ngapi. Kipimo cha mkojo hakitoshi: kwa mvutaji wa kila siku kinaweza kuonyesha bangi wiki kadhaa baada ya kuacha, na hakisemi kama bangi ndiyo chanzo.

Mara nyingi daktari hatatamka skizofrenia siku ya kwanza. Kama dalili zitakwisha ndani ya siku au wiki chache baada ya kuacha kuvuta, ataziita saikosisi iliyoletwa na bangi. Familia hufurahi na kurudi nyumbani kana kwamba ilikuwa mafua. Hapo ndipo pa kuwa macho. Utafiti wa kumbukumbu za taifa zima la Denmark, uliotolewa mwaka 2018, ulikuta kwamba karibu nusu ya waliopata saikosisi ya aina hiyo baadaye waligundulika kuwa na skizofrenia au ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Kupona mara ya kwanza ni onyo. Rudini kliniki hata akiwa mzima.

Kuhusu dawa, ulizeni madhara mapema. Anayeanza haloperidoli anaweza, siku za mwanzo, kupinda shingo, kukaza taya, macho yakageukia juu. Familia nyingi huamini hapo jini limejidhihirisha na kuitupa dawa. Ni madhara yanayojulikana na yana dawa yake. Rudini hospitali siku hiyohiyo. Asiyependa vidonge vya kila siku aulize kuhusu sindano ya muda mrefu, ambayo nyingine hutolewa mara moja kwa mwezi hivi. Na msiache dawa kwa sababu amepata nafuu: baada ya tukio la kwanza, kwa kawaida huendelea mwaka mmoja au zaidi, kisha hupunguzwa polepole na daktari.

Jambo moja husahaulika. Moshi, uwe wa sigara au wa bangi, hulifanya ini livunje olanzapini na klozapini haraka. Anayeacha kuvuta ghafla, kiwango cha dawa hizo mwilini kinaweza kupanda. Mwambieni daktari siku anapoacha, na pia siku anaporudia.

Kuacha, na mafuta yanayouzwa

Bangi haina dawa mbadala kama methadoni, ambayo Muhimbili ilianza kuwapa watumiaji wa heroini mwaka 2011. Anayeacha huacha kwa mazungumzo, ratiba na watu. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu: usingizi hukatika, hasira huja upesi, chakula hakishuki. Mara nyingi hutulia ndani ya wiki mbili. Mama akijua hivyo hatasema, "Afadhali avute, akivuta hutulia."

Kuna habari njema ya kumpa. Picha za ubongo za wavutaji wa kila siku zimeonyesha kwamba vipokezi vya CB1 hupungua kwa kuzidiwa na THC, lakini vikianza kupumzika hurudi, na baada ya takriban wiki nne bila bangi hukaribia hali ya kawaida. Mwezi mmoja ni lengo ambalo kijana anaweza kulishika. Mtafutieni shughuli ya kujaza saa alizokuwa akivutia, na nyumba ya ndugu mbali na kijiwe chake ikiwezekana.

Mtauziwa pia mafuta ya CBD mkiambiwa yanatibu skizofrenia. CBD ni kiini kingine cha bangi kisicholevya, na inaonekana kuongeza anandamaidi ya mwili. Leweke aliijaribu kwa wagonjwa, hadi miligramu 800 kwa siku, na matokeo aliyoyatoa mwaka 2012 yalionyesha nafuu. Jaribio jingine la mwaka 2018, la miligramu 1,000 juu ya dawa za kawaida, lilisaidia kwa kiasi. Jingine halikuonyesha faida. Hizo zilikuwa dawa safi za hospitali, kwa kipimo kikubwa. Kichupa cha mtandaoni hakikaribii kipimo hicho, na chaweza kuwa na THC ndani yake. Msibadilishe dawa za kliniki kwa kichupa hicho.

Kwa kijana mwenyewe

Mdogo wangu, sikuhukumu. Ila ukiona ukivuta unashuku rafiki zako, unasikia jina lako likiitwa na hakuna mtu, au unaogopa bila sababu na hofu haiishi kesho yake, ubongo wako umeshakuambia kuwa wewe si kama wenzako. Wao wataendelea, na huenda wasipatwe na kitu. Wewe acha. Mwambie mtu mmoja mkubwa unayemwamini, mjomba, dada, mwalimu, na umwombe mfuatane kliniki.

Na nyinyi mlio kwenye kikao, kabla ya kuulizana nani alimfundisha kuvuta, mpeni mmoja wenu karatasi aandike: alianza lini, anatumia nini na mara ngapi, katika ukoo nani aliugua, dalili zimeanza tarehe gani. Kisha chagueni wawili wa kumsindikiza kliniki kesho asubuhi.